Sindano katika mfuko mweusi: kisa cha mhudumu wa usafi na homa ya ini aina ya B

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha afya chenye wodi ya kujifungulia, ndani ya Kaunti ya Mombasa. Jina la kituo, la kampuni ya usafi na la kila aliyehusika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa somo lenyewe yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mhusika mkuu, ambaye hapa tunamwita mhudumu, alisomewa maandishi haya kabla ya kutolewa, akaridhia, na akaomba tuongeze jambo moja kuhusu mshahara wake ambalo sisi tulikuwa tumeliacha. Mwandishi alikuwa miongoni mwa watu wanne waliokaa kulipitia tukio hili, na baadhi ya makosa yatakayotajwa ni yake mwenyewe.

Usuli

Mhudumu alikuwa mama wa miaka 30 na kidogo, mkaazi wa Likoni, aliyeajiriwa na kampuni iliyopata zabuni ya kusafisha kituo. Alikuwa amefanya kazi hapo kwa miezi 14. Katika hesabu za kituo hakuwa mfanyakazi wao: hakuwemo katika orodha ya zamu ya wauguzi, hakualikwa kwenye mafunzo ya kuzuia maambukizi, na faili yake ilikuwa katika ofisi ya kampuni mjini. Hata hivyo, kila mfuko wa taka uliotoka wodi ya wazazi usiku ulipitia mikononi mwake.

Miezi tisa kabla ya ajali, kituo kilipata shehena ya chanjo ya watu wazima ya homa ya ini aina ya B na kutangaza kwamba watu wote, wakiwemo wa usafi, wachanjwe. Chanjo hii hutolewa mara tatu: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi sita. Mhudumu alipata ya kwanza. Siku ya dozi ya pili, chanjo ilitolewa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, naye alikuwa ametoka zamu ya usiku saa moja. Kumtaka akae saa mbili zaidi bila malipo, kisha apange foleni ya chanjo, kisha ashuke hadi kivuko, huku nyumbani kuna watoto wanaomsubiri, lilikuwa ni jambo ambalo aliyepanga ratiba hakulifikiria. Alienda zake. Aliporudi kuulizia wiki mbili baadaye aliambiwa kwamba chanjo imekwisha.

Katika daftari la kampuni, mbele ya jina lake palikuwa na alama moja ya vema chini ya neno «chanjo». Daftari halikuwa na safu tatu.

Msomaji asiyeshughulika na mambo haya kila siku huenda akajiuliza kwa nini dozi mbili zilizokosekana ziwe jambo zito. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu 0.3%, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini aina ya B, uwezekano huo ni kati ya 6% na 30%, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa huyo. Zaidi ya hayo, kirusi hiki kinaweza kubaki na nguvu ya kuambukiza nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka juu ya meza au ndani ya tundu la sindano, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu wa kudumu, milioni 65 kati yao wakiwa katika kanda yake ya Afrika, na wengi hawajui kwa sababu hawaumwi popote.

Mfuatano wa matukio

*Ijumaa, saa kumi alfajiri.* Usiku huo kulikuwa na akina mama watatu wodini: wawili walikuwa wamejifungua jioni ya Alhamisi na mmoja alikuwa akisubiri. Kisanduku cha sindano kilikuwa kimejaa kupita alama ya robo tatu, na kipya kilikuwa stoo, ambayo hufungwa usiku. Mtu mmoja, na hatukutafuta kujua ni nani, alimwekea mgonjwa kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, akakuta sindano yake haiingii kisandukuni, akaitia katika mfuko mweusi wa taka za kawaida. Mhudumu alipouinua mfuko na kuuegemeza pajani, sindano ilipenya mfuko, ikapita dera na kumchoma. Damu ilitoka.

Aliosha jeraha kwa maji na sabuni, na hilo ndilo lililofaa. Muuguzi wa zamu, kwa nia njema kabisa, akalibinya jeraha ili «damu chafu itoke», kisha akalipangusa kwa pamba yenye jiki. Kubinya hakupunguzi maambukizi, na jiki huunguza nyama. Mazoea haya tumeyakuta kwa watu wenye vyeti vikubwa kuliko vya muuguzi yule.

*Kabla ya saa kumi na mbili.* Afisa wa kliniki aliitwa. Alimpima mhudumu virusi vya Ukimwi, majibu yakawa hana, akamwanzishia dawa za kinga za siku 28: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tukio likaandikwa katika rejista. Hayo yote yalifanyika ndani ya saa mbili, usiku, na watu wawili. Mwisho wa fomu kulikuwa na mstari unaouliza hali ya chanjo ya homa ya ini. Afisa alimuuliza, «Dada, ulichanjwa ini?» Akajibu, «Nilichanjwa.» Ikaandikwa: ndiyo.

*Jumamosi na Jumapili.* Hakuna kilichofanyika.

*Jumatatu asubuhi.* Mtaalamu wa maabara, akipanga sampuli za wikendi, aliona bomba la damu ya mhudumu na karatasi iliyoomba kipimo kimoja tu. Alipiga simu wodini na kuuliza swali ambalo ndilo lililogeuza kisa chote: mhudumu huyu amepimwa homa ya ini kabla ya kuanza dawa? Na hiyo chanjo, alipata dozi ngapi?

Daftari likaletwa kutoka mjini, alama moja ikaonekana, na mhudumu mwenyewe alipoulizwa upya akasema wazi kwamba alidungwa mara moja. Hakuwa amedanganya. Aliulizwa kama alichanjwa, naye alichanjwa.

*Jumatatu hadi Alhamisi.* Damu ya Ijumaa, iliyokuwa bado katika friji, ilipimwa antijeni ya uso ya kirusi, yaani sehemu ya gamba lake inayoonyesha kwamba kimo mwilini, ile ambayo watu wa maabara huiandika HBsAg, na haikuonekana. Akina mama watatu walitafutwa kwa simu. Aliyekuwa akisubiri alikuwa ameshajifungua na kuhamia kwa jamaa zake, na simu yake haikupatikana tena. Wawili walikuja Jumanne, wakaelezwa sababu, wakakubali kupimwa. Mmoja alikutwa na homa ya ini aina ya B. Katika kijitabu chake cha kliniki, majibu ya Ukimwi na ya kaswende yalikuwepo, ila nafasi ya homa ya ini ilikuwa tupu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu chanjo. Palikuwa na mawazo mawili: kuanza upya dozi zote tatu kwa kuwa miezi tisa imepita, au kuendelea alipoachia. Kanuni katika chanjo hii ni kwamba dozi iliyotolewa haipotei kwa sababu ya kuchelewa, na mfululizo uliokatika huendelezwa. Mhudumu akapata dozi ya pili Jumanne, baada ya chanjo ya watu wazima kutafutwa katika kituo kingine, na ya tatu ikapangwa wiki nane baadaye. Hatukusubiri kwanza kipimo cha kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, kwa sababu kingechukua siku na chanjo haimdhuru mtu hata kama tayari ana kinga.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu. Mtu ambaye hajakamilisha chanjo, na ambaye huenda sindano iliyomchoma ilitoka kwa mwenye ugonjwa, anastahili pia imunoglobulini ya homa ya ini, yaani kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinazoanza kazi mara moja wakati mwili unajifunza kutengeneza zake. Hutolewa vizuri zaidi ndani ya saa 24, na faida yake baada ya siku 7 haijathibitika. Kituo hakikuwa nayo. Hospitali moja ya kibinafsi ilikuwa nayo, kwa bei iliyozidi mshahara wa mhudumu wa mwezi mzima. Kituo kilisema mwajiri ni kampuni. Kampuni ilisema sindano ilikuwa ya kituo, na kila upande ulikuwa na karatasi ya kuonyesha. Jumatano nzima ilipotea hapo. Kilichomaliza ubishi ni mkuu wa wauguzi kuwasomea simuni kwamba sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia, na kwamba hilo lingeweza kuandikwa kwa barua siku hiyohiyo. Alhamisi, siku ya sita, mhudumu alidungwa karibu mililita 3.7, kwa kiwango cha mililita 0.06 kwa kila kilo ya uzito wake wa kilo 61, mbali na mkono uliopokea chanjo.

Uamuzi wa tatu ulitokana na dawa za Ukimwi alizokuwa akimeza tangu Ijumaa. Tenofoviri na lamivudini hupambana pia na kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kwa mtu asiye na ugonjwa huo, hakuna tatizo. Kwa mtu aliye nao bila kujua, virusi hutulia kwa siku 28, kisha dawa zinaposimamishwa vinaweza kuinuka kwa ghafla na kulichoma ini vibaya. Ndiyo maana kipimo cha ini kilipaswa kufanywa siku ileile ya kwanza. Kwa bahati bomba lilikuwa bado frijini. Kama lingetupwa Jumamosi, tungelazimika kupima damu iliyokwisha kupitiwa na dawa kwa siku tatu.

Uamuzi wa nne ulihusu siri. Mhudumu alisita kupimwa, na haikuwa kwa kuogopa sindano. Alikuwa na mpango wa kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, kama dada yake, na alijua, kama ijulikanavyo mitaa mingi ya Mombasa, kwamba anayekutwa na homa ya ini katika vipimo vya safari huandikwa kuwa hafai. Aliogopa majibu yake yasije yakafika kwa wakala. Alihakikishiwa kwamba majibu yangekuwa mikononi mwake peke yake, kwamba kampuni ingeambiwa tu kuwa ameumia kazini na anatibiwa, na ndivyo ilivyofanywa. Bila ahadi hiyo asingekubali.

Matokeo

Mhudumu alimaliza siku 28 za dawa, akiwa na kichefuchefu wiki mbili za mwanzo. Alikatwa mshahara wa siku mbili alizokwenda kupimwa, na hili ndilo jambo aliloomba liandikwe. Fedha zilirudishwa baada ya mwezi na nusu. Vipimo vya Ukimwi vilivyofuata vilionyesha hana. Dozi ya tatu ilitolewa katika wiki aliyopangiwa. Miezi sita baada ya ajali hakuwa na antijeni ya uso, na hakuwa na dalili katika damu kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Kipimo cha kingamwili kilifanywa mwezi wa saba. Kwa kawaida hufanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, lakini aliyepewa imunoglobulini husubiri miezi sita, vinginevyo kipimo kitahesabu kingamwili za kuazima na kumdanganya mtu kwamba chanjo imeshika. Kiwango chake kilipita miliuniti 10 kwa mililita, ambacho ndicho kipimo cha kuwa na kinga.

Je, imunoglobulini ndiyo iliyomwokoa? Sindano ile huenda haikutoka kwa mama mwenye ugonjwa, na hata kama ilitoka kwake, wengi wanaochomwa hawaambukizwi. Kisa kimoja hakiwezi kujibu swali hilo, nasi hatudai kwamba tumelijibu.

Mama aliyekutwa na ugonjwa alipelekwa kliniki ya hospitali kubwa kwa uchunguzi wa ini. Mume wake alipimwa, hakuwa nao, akachanjwa. Mama mkwe alitaka mtoto aachishwe ziwa. Ilibidi muuguzi aende nyumbani kumweleza, kwa heshima na kwa kurudiarudia, kwamba ugonjwa huu haumzuii mama kunyonyesha. Mtoto alipata chanjo yake ya kwanza Jumatano, akiwa na siku sita. Hadi tunapoandika amepata pia zile za wiki 6, 10 na 14, ila hajafikia umri wa kupimwa.

Uchambuzi

Tuanze na mtoto, kwa sababu katika kikao chetu cha kwanza hakutajwa na yeyote. Mtu mzima anayeambukizwa kirusi hiki, mara nyingi mwili wake hukishinda: chini ya 5% ndio hubaki nacho maisha yao yote. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa hubaki nacho kwa kiasi cha 90%, na ndiye anayeweza kuja kuugua saratani ya ini akiwa na miaka 40. Chanjo yake ilipaswa kutolewa ndani ya saa 24. Alhamisi ile imunoglobulini ya mhudumu ilipoletwa, mtoto alikuwa na siku saba kamili, naye alistahili mililita 0.5 tu. Hakuna aliyemwombea. Simu zote zilikuwa za mfanyakazi, fomu zote za mfanyakazi, na ubishi wote ulikuwa juu ya nani amlipie mfanyakazi. Mwandishi wa maneno haya alikuwa kwenye simu mojawapo. Nikilinganisha kosa hili na mengine ya kisa hiki, naliona kubwa kuliko yote, na halikutokana na ukosefu wa fedha.

Kilichofanya kazi vizuri ni utaratibu wa Ukimwi. Saa kumi alfajiri, watu wawili waliochoka walijua la kufanya bila kufungua kitabu, kwa sababu kwa miaka mingi wamefundishwa, dawa ziko kabatini, na woga wenyewe unasukuma. Homa ya ini haina woga huo. Hata jina lake linachanganya: katika mahojiano yetu, muuguzi mmoja alisema amechanjwa, na ushahidi alioleta ni kadi ya njano aliyopewa alipokwenda Hija, ambayo ni ya homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Wengine wawili walidhani walichanjwa utotoni. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo yenye kinga ya homa ya ini aina ya B mwishoni mwa mwaka 2001, hivyo muuguzi aliyezaliwa mwaka 1990 hakuipata kliniki, hata mama yake awe alimpeleka kila mwezi bila kukosa.

Swali la «ulichanjwa?» lilishindwa kwa sababu linajibika kwa neno moja. Fomu ya kituo sasa inauliza dozi ngapi, lini, na kama kingamwili zilipimwa, na asiyekumbuka huhesabiwa kuwa hajachanjwa. Daftari la kampuni limechorwa safu nne. Lilipojazwa upya kwa kuwahoji watu tisa wa usafi mmoja mmoja, wawili tu walikuwa wamekamilisha, ingawa wote tisa walikuwa na alama ya vema.

Kuhusu ratiba, nilikuwa wa kwanza kusema kwamba wafanyakazi hawajali afya zao. Nilinyamazishwa na hesabu ya mhudumu mwenyewe, aliyotufanyia kwa vidole: saa ya kutoka zamu, saa ya foleni, nauli ya matatu hadi kivukoni, saa ya kumpeleka mtoto shule. Dozi zilizofuata zilitolewa saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati zamu ya mchana inatoka na ya usiku inaingia. Watu saba waliobaki walipata ya pili wote. Ya tatu walipata sita, kwa kuwa mmoja alikuwa ameacha kazi, akaondoka na kadi yake ikiwa na dozi mbili na tarehe ya kurudi.

Kisanduku cha sindano ndicho kilichoanzisha yote, na dawa yake ilikuwa rahisi kuliko yote. Visanduku viwili vitupu huachwa wodini kila jioni, na funguo za stoo hukaa kwa muuguzi wa zamu. Sindano bado hukutwa katika mifuko mahali pasipo pake, mara chache kuliko zamani. Mhudumu hushika mifuko kwa shingo sasa na kuiweka mbali na mguu, na ndiye anayewafundisha wapya kufanya hivyo.

Lililobaki ni mkataba. Zabuni ya usafi inatangazwa upya mwaka huu, na rasimu tuliyoiona inaitaka kampuni «kuhakikisha afya ya wafanyakazi wake». Tumeandika kuomba kifungu hicho kitaje dozi tatu, kipimo cha kingamwili, imunoglobulini, na jina la ofisi itakayolipa siku ya kwanza, kabla ya kuulizana nani mwenye sindano. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri, na jibu bado halijaja.